Kitambaa cha Kumi na Tatu

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema msije mkashangaa. Fundi akinirushia spana badala ya kunipa mkononi, namrudishia kwa kurusha vilevile, tena kwa nguvu. Gereji wananiita Namba Kumi, kwa ile spana ndogo ambayo kila fundi anayo na hakuna fundi anayejua iko wapi. Mimi ni mwanamke mfupi. Nikihitajika sionekani: ama niko shimoni chini ya gari, ama nimejikunja ndani ya boneti, miguu tu ndiyo iko nje. Jina hilo alinipa Shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ananiita shemeji, mimi namwita shemeji, na kwa miaka kumi na tisa neno hilo lilikwenda na kurudi ndani ya banda letu la mabati mpaka wateja wakawa wanauliza, "Sasa shemeji hapa ni nani?" Ndiye aliyenifundisha kazi wakati wenzake wanamcheka kwamba mwanamke akiinamia injini, injini inaona haya. Yeye akawajibu, "Na ione haya, labda itaacha kuvuja." Wakambandika jina la Taratibu. Hakuwa mvivu hata kidogo, ila hakuna aliyewahi kumharakisha akafanikiwa, hata mwenye gari la kubeba maiti.

Alikuwa na sheria moja kuu. Ukifungua bomba la injini unaliziba mdomo kwa kitambaa, ili nati au mchanga usidondokee ndani. Kila fundi anafanya hivyo. Vya Shemeji vilikuwa vyekundu, vimekatwa kwenye pazia kuukuu la sebuleni kwa dada, na vilikuwa kumi na viwili. Kabla injini haijawashwa, vinahesabiwa ndani ya ndoo. Vikitimia, unawasha. Visipotimia, hata mteja awe ameshakaa kwenye usukani na mkanda amefunga, atashuka.

Nilisikia kwa mafundi wakongwe kwamba kabla sijafika pale kuna lori lilinyonya kitambaa kilichosahauliwa bombani, likazimika mteremkoni na mzigo mgongoni, breki zikawa ngumu kama jiwe, na dereva hakurudi kwake. Nani alikisahau, hawakusema. Sikumwuliza Shemeji, wala yeye hakunihadithia. Lakini mtu hahesabu vitambaa miaka yote hiyo kwa kosa la jirani.

Basi mwaka wa kumi na tisa Shemeji akaanza kupotea kidogo kidogo. Alitafuta miwani ilhali ameivaa, hilo sote tunalifanya. Kisha siku moja, tunakula mchana, akaniuliza mama hajambo. Mama tulimzika pamoja. Yeye ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Nikajibu hajambo, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso nikarudi kazini. Hospitali walimwambia dada kwamba ni maradhi ya kusahau, na kwamba hayarudi nyuma.

Mwenyewe alijua. Hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliniambia, "Kichwa kinavuja, Shemeji. Lakini hesabu bado ninayo, na hesabu haina habari na kichwa changu. Vitambaa ni kumi na viwili nikikumbuka, ni kumi na viwili nikisahau. Siku kimoja kikinipotea, natundika ovaroli, na asinibembeleze mtu."

Dada naye akanivuta jikoni kwake, akanishika mikono yote miwili, mikono yake ina povu la sabuni. "Mdogo wangu, huyu akikaa nyumbani ataisha. Kazi ndiyo inayomsimamisha. Mwangalie. Na asijue kwamba unamwangalia."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Ndipo akaja mama mmoja, Daktari wa Meno. Alikuwa na kigari cha milango miwili, cha manjano, kimeinama mbele kama chui anayetaka kuruka. Ukikiwasha, kinalia kama cherehani. Umbo la mbio, injini ya kubania mafuta. Nyumba yake iko juu ya mlima, na kila asubuhi gari la mikate lilimpita mlimani. "Gari la mikate!" akasema, akiwa ameshika kiuno. "Na dereva wake ananipungia mkono!" Alikuwa ameshanunua injini nyingine, imetolewa kwenye gari la ukoo uleule lililogongwa nyuma, injini yenye tabo. Tabo ni kijigurudumu kinachosukumwa na moshi wa injini, nacho kikizunguka kinasukuma hewa nyingi ndani, na injini ndogo inapata nguvu za kubwa. Kinazunguka mara maelfu kwa maelfu kwa dakika. Hakitaki uchafu hata wa punje.

Mimi nilimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, daktari, injini yako bado nzima. Shemeji akaizunguka ile injini aliyoileta, iliyokaa juu ya tairi, akaipapasa, akainusa. Sikuwa nimemwona na macho yale kwa miezi. "Tabo bila taratibu ni tabu," akasema, akacheka mwenyewe. "Niachie wiki tatu."

Na wiki tatu zile, jamani, alikuwa yule wa zamani. Tuliinyanyua injini ya zamani kwa mnyororo, tukaishusha mpya, ikakataa kukaa kwa upana wa vidole viwili, tukakata vishikio tukavichomelea upya. Tukabadilisha klachi, rejeta, pampu ya mafuta, waya zote na kijisanduku kinachoziamrisha. Kila boliti aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi na kuandika pembeni ilikotoka. Zamani alikuwa haandiki chochote. Sasa aliandika kila kitu, hata neno "kushoto". Mara mbili nilimkuta amesimama na spana mkononi, anaitazama injini kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. Nikawa naropoka, "Shemeji, hiyo boliti ya tabo imekushinda nini, uzee?" Naye akizinduka, "Uzee wa baba yako!" na mkono unaendelea. Hivyo ndivyo nilivyomwangalia bila yeye kujua. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya Alhamisi alasiri akafunga bomba la mwisho. Daktari wa Meno alikuwa aje asubuhi. Shemeji akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akasema, "Tutahesabu kesho, mwenye gari akiona. Leo mgongo umekataa." Akaenda zake na ovaroli mwilini, amesahau kuivua. Nikamwacha aende hivyo, njia ya kwao ni fupi na watu wanamjua.

Nikabaki nafagia. Ndoo ilikuwa mlangoni. Sijui nini kilinituma. Nikahesabu.

Kumi na moja.

Nikavimwaga sakafuni, nikahesabu tena kimoja kimoja. Kumi na moja. Nikatafuta chini ya meza, shimoni, ndani ya viti vya gari, kwenye pipa la taka, nikalipindua pipa lenyewe. Hakuna. Nikakaa kwenye tairi. Kesho atahesabu mbele ya mteja, atapata kumi na moja, na atatundika ovaroli. Anavyojisemea ndivyo anavyofanya, yule. Halafu dada atanitazama.

Nikawasha taa ya mkono nikaanza kufungua mabomba. Sheria nyingine ya Shemeji ilikuwa aliyefunga ndiye afungue, nikaikanyaga bila hata kusita. Bomba la kipoza hewa, safi. Bomba la juu, safi. Njia ya oili, safi. Likabaki moja, la kuvuta hewa, linalotoka kwenye chujio chini ya taa ya kushoto mpaka mdomoni mwa tabo. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kilichomo humo kinakwenda moja kwa moja kwenye kile kijigurudumu. Kulifikia lazima ung'oe bampa lote la mbele. Vidole vilikuwa vimechunika, giza linaingia, na mimi nilikuwa nimechoka na nina hasira, hasira na Shemeji, na dada, na mama aliyekufa. Nikamulika kwa upande mmoja, nikaona sehemu. Nikajiambia hakiwezi kuwa humo.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Kabatini palikuwa na kipande kilichobaki cha lile pazia. Nikakata kitambaa. Nikakipaka grisi, nikakisugua sakafuni, nikakikanyaga, nikakikamua na kukikunja mpaka kikazeeka mbele ya macho yangu. Nikakitia ndani ya ndoo na wenzake. Kumi na viwili. Nikarudishia mabomba niliyoyafungua, nikafunga banda nikaenda nyumbani, najiambia nimemwokoa mtu.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza, au nilidhani hivyo. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ovaroli imefuliwa na kupigwa pasi, na uso wake una furaha ya mtoto aliyeokota kitu.

"Namba Kumi! Hujawasha?"

"Kuwasha bila wewe?"

"Vizuri. Usiwashe!" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa chekundu, kisafi, kimekunjwa mara nne. "Dada yako amekikuta mfukoni mwangu jana wakati wa kufua. Nimekwenda nacho nyumbani, mimi mjinga! Nikamwambia, basi kule ndooni viko kumi na moja, na lazima niwahi kabla hawajachanganyikiwa." Akacheka. "Unaona? Kichwa kilisahau, hesabu ikanikumbusha. Lete ndoo."

Nilitaka niifikie ndoo kwanza nichomoe kile changu, lakini alikuwa ameshaichukua. Akainama, akaanza kuvipanga sakafuni kwa mstari, kama alivyofanya maisha yake yote, kila kimoja akikigonga kidogo kwa kidole. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Kumi na mbili.

Akakitazama kile alichokishika. Akavikusanya, akahesabu tena. Kumi na mbili, na kimoja mkononi. Akahesabu mara ya tatu, polepole, kwa sauti. Mimi nimesimama pale. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na sikulisema. Niliogopa nitaonekana mwongo, na nilikuwa mwongo.

Akainuka, ameshika goti. Furaha yote ilikuwa imemtoka. "Basi imekwisha," akasema kwa upole kabisa. "Nilijua itafika, ila nilidhani itaanzia kwingine. Nilidhani nitapungukiwa. Sikujua kwamba naweza kuona na visivyokuwepo." Akaanza kufungua vifungo vya ovaroli. "Mpigie simu dada yako aje anichukue. Sijiamini barabarani."

"Shemeji."

"Mpigie tu."

"Shemeji, viko kumi na tatu. Umehesabu sawasawa. Kimoja nimekikata mimi."

Mkono wake ukasimama kwenye kifungo. Nikamweleza yote, mbio mbio, bila kupumzika: nilivyohesabu, nilivyotafuta, nilivyofungua, nilivyokata. Nikamweleza na maneno ya dada. Nilidhani atashusha pumzi. Nilidhani atafurahi kwamba kichwa chake kilikuwa kizima. Lo, sikumjua mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa.

"Kipi?" akauliza.

"Kipi nini?"

"Ulichokikata. Nionyeshe."

Nikapiga magoti mbele ya ule mstari. Nikashika kimoja, nikakiacha. Nikashika kingine. Nilikipaka grisi vizuri mno. Vyote vilikuwa na madoa yaleyale, nyuzi zilezile za pazia moja. Sikuweza kukitambua.

"Sikijui," nikasema.

"Na mabomba yote uliyafungua?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya kwa mara ya mwisho. Tayari tulijua kitambaa kilikuwa mfukoni mwake. Bomba lile lilikuwa safi, na uongo usingemdhuru mtu. Lakini alikuwa ananitazama.

"Moja sikulifungua. La kuvuta hewa. Nilichoka."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Kwa hiyo jana jioni," akasema, "wewe ulikuwa hujui kitambaa kiko wapi. Kingeweza kuwa mle. Ukaweka kingine kwenye ndoo ili mama wa watu apande mlima."

"Nilikuwa nakuficha wewe, Shemeji. Ungetundika ovaroli."

"Ningetundika! Ni yangu, si ya mama yako!" Hakuwa amewahi kunipigia kelele. "Mimi nasahau. Wewe hukusahau. Bora ningekuwa nimesahau mimi, tungesema ni maradhi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ambacho hakinidanganyi, na wewe umekifundisha kudanganya."

Mimi mwenye mdomo, mwenye kurudisha spana kwa kurusha, nililia pale sakafuni, makamasi na grisi pamoja.

Daktari wa Meno akaingia na viatu vyake vizuri, akatukuta hivyo, akataka kurudi nje. Shemeji akamwambia, "Karibu, daktari. Gari lako halijawa tayari. Kuna bomba halikuangaliwa." Akaketi juu ya tairi, mikono katikati ya magoti. "Fungua," akaniambia. "Yote. Mimi natazama."

Ilituchukua asubuhi nzima. Niling'oa bampa, nikafungua kila bomba, nikamulika pande zote mbili, nikapitisha waya kutoka mdomo hadi mdomo, na kila moja nikampa alishike alichungulie. Lile la kuvuta hewa nalo lilikuwa safi. Alichungulia ndani yake kuliko mengine yote, akanirudishia. Nilipofunga boliti ya mwisho, nikamwomba awashe yeye. Akatikisa kichwa.

Nikawasha mimi. Injini ikanguruma mara moja, ikatulia, na tabo ikaanza kupiga kile kifilimbi chake chembamba. Daktari wa Meno akapiga makofi kama yuko harusini. Alasiri alipiga simu kutoka mlimani kusema kwamba gari la mikate limemwona mgongo. Mimi sikucheka, na Shemeji hakuwepo kuisikia simu.

Alikuwa ameshavua ovaroli na kuitundika kwenye msumari. Vile kumi na viwili vya kwenye ndoo alivitia kwenye pipa mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imepita kwenye kila kitambaa, na hakuna hata kimoja kilichoweza kuaminiwa tena. Akabaki na kile kilichofuliwa, akaniwekea kiganjani.

"Hiki nakijua kimetoka wapi," akasema. "Kata vingine kumi na moja. Kwa kitambaa kingine, si pazia lile. Na uhesabu kwa sauti, hata ukiwa peke yako."

Dada alikuja kumchukua. Aliniuliza mlangoni, kwa kunong'ona, "Amesahau nini?"

"Hajasahau kitu," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza, na kwa miezi miwili hakuongea nami zaidi ya salamu. Alikuwa na haki, ingawa wazo la kuangalia kwa siri lilikuwa lake. Hilo nalo nilimwambia, na ndilo lililofanya iwe miezi miwili badala ya mmoja.

Sasa Shemeji yuko nyumbani. Hakuisha kama dada alivyoogopa, lakini anapungua. Jina langu lilikwenda kwanza, kisha gereji, kisha kigari cha manjano. Kila Jumapili naenda kuwasalimia, dada ananipa chai, nami naketi karibu yake. Hanijui. Ananitazama mikono, anaona grisi kwenye kucha, na kitu fulani ndani yake kinainuka. Ananiuliza swali lilelile kila mara.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Basi, anarudi kwenye kimya chake, ametulia.

Jumapili iliyopita nilikwenda nikiwa nimeacha gereji lori la mtu, limefungwa tayari, linasubiri kuwashwa Jumatatu alfajiri. Jumamosi jioni nilihesabu nikapata kumi na moja, nikatafuta nikakosa, nikajiambia nitatafuta vizuri Jumatatu kabla dereva hajafika. Shemeji akanitazama kucha.

"Ngapi?"

Dada alikuwa anamimina chai. Mkono wake ukasimama, birika liko hewani. Ningeweza kusema kumi na mbili. Angetulia, tungekunywa chai, asingejua kamwe.

"Kumi na moja, Shemeji," nikasema.

Akanigeukia na mwili mzima. Sijui alimwona nani, mimi au mtu mwingine wa zamani, lakini macho yake yalikuwa yale aliyoizungukia nayo ile injini juu ya tairi.

"Hapo umesema," akaniambia.

Nikaiacha chai mezani, nikarudi gereji kufungua mabomba.